Utani wa Mzee Kondo

Morogoro, Jumapili

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini nakuamkia hivyo hivyo. Goti linaendeleaje? Yule mbuzi amezaa? Mimi mwili mzima, ila moyo, mama, haupo mahali pake.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa barua hii jirani yetu anayerudi Usoke leo. Mjomba kanipigia. Anasema wiki ijayo unapanda treni uje kunitoa kiwandani, na kwamba umeapa, "Nikikuta ni kweli, sina binti." Tangu hapo usingizi sina. Jana mlinzi wa getini kaita jina langu, nikadhani umeshafika, nikaangusha fungu zima la tumbaku. Kumbe nilisahau kitambulisho tu! Msimamizi kaniangalia vibaya. Sisi ni vibarua wa msimu, mama. Ukija kupiga kelele pale getini, msimu ujao sitaitwa.

Sasa nisikilize, tafadhali. Yule Mzee Kondo, mshenga wa Hamisi anayetaka kunioa, ni Mzaramo. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za wapagazi, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Kosa lake, kaingia uani hajataja kabila lake, kaanza moja kwa moja: "Binti yenu tumeshamtia mimba, tumekuja kuchukua mbuzi wa kumlisha." Alidhani utacheka, umrudishie kubwa zaidi. Wewe ukammwagia maji ya vyombo! Huku anasimulia anacheka, eti hajawahi kupata mtani mkali kama wewe. Yeye anacheka, mimi natetemeka.

Sina mimba, mama. Haki ya Mungu. Hamisi namwona mchana tu, saa ya chakula, kwenye benchi la nje, na nusu ya kiwanda inatutazama. Nalala kwa shangazi, na mlango anafunga yeye. Si kila jioni ulikuwa unapiga simu, hukati mpaka usikie sauti yake? Muulize.

Najua unachoogopa. Na wewe ulikuwa msichana wa kupanga majani kwenye banda la tumbaku, na baba naye alikuja na maneno matamu, kisha akahamishwa mimi nikiwa tumboni. Hukunisimulia wewe, alinisimulia bibi. Ukinifokea, huwa nasikia unamfokea baba. Lakini mimi siogopi fimbo yako. Naogopa utanitazama usoni, nikuambie ukweli, na usiniamini.

Hamisi anataka aje mwenyewe kukuomba radhi. Nimemkatalia mpaka wewe useme.

Nisalimie mjomba, na bibi, umwambie asikasirike kwa kuwa nimemtaja. Mdogo wangu mwambie viatu vyake nimevinunua.

Kama ni lazima uje, njoo. Nitakupokea stesheni peke yangu, twende zahanati moja kwa moja, hata maji hujanywa, wanipime umesimama hapo hapo. Ni aibu, mama, mtu mzima kupelekwa kupimwa na mzazi wake, lakini nimekubali. Ila nakuomba kitu kimoja. Kabla nesi hajafungua mdomo, niulize mimi kwanza. Nikikujibu, uniamini.

Mwanao anayekuogopa na kukupenda,
Nyamizi