Kitabu cha Saba

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za cherehani yangu, ambayo siku hizi inalalamika kunishinda. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Baba hainuki tena kitandani. Kila alasiri namsomea vile vitabu vyako vya wafalme na majoka, hataki vingine. Mimi niliyekuwa nikivipita huku nasali! Ananikaripia: "Lisome joka kwa sauti ya joka, mwanangu, si ya kutangaza msiba." Jirani yetu mwashi huja kusikiliza, akisingizia kuazima kiberiti. Watu wazima tunamlilia farasi ambaye hajawahi kuwapo.

Juzi tulimaliza cha sita. Mfalme ameachwa nje ya lango la kwao. Baba akasema, "Lete cha saba. Nataka nimwone akiingia." Nikajifanya natafuta kabatini.

Mwaka ule ulidhani umekipoteza, ukalia. Hukukipoteza. Nilikichoma mimi jikoni, nikidhani ni uchawi. Mungu anajua nilidhani nakuokoa. Nisamehe.

Daktari anasema zimebaki siku, si wiki. Maduka yote nimezunguka, hakipo. Nilijaribu kutunga mwisho wangu, Baba akatikisa kichwa: "Huo sio. Mdogo wako anaujua."

Wewe ulikisoma. Niandikie unachokumbuka, hata ukurasa mmoja, au upokee simu umsimulie mwenyewe.

Nimeanza tena cha kwanza. Ananiacha nisome, lakini macho yake yako kabatini.

Dada yako anayekuombea,
hapo hapo ulipomwacha