Askari wa Kando ya Kitanda

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Kaole tu wazima, babu yako tu ndiye anayekohoa. Unauliza mbona askari wanaongezwa, lakini mtaani kwenu huwaoni.

Nilipoajiriwa polisi, wanawake wa hapa walifurahi kwamba njia ya sokoni itakuwa salama. Wenzangu wapya wakapelekwa mahakamani na benki. Mimi hospitali, kumlinda mahabusu mgonjwa. Asubuhi moja akaingia shoga yangu Mwanaidi, mkono unavuja damu. Ameporwa kwenye njia ile ya sokoni.

“Kumbe upo! Sisi tunakutafuta njiani, wewe unamlinda aliyelala?”

Sikuruhusiwa kuacha kiti, hata kumshika mkono. Aliingia kwa daktari peke yake. Nilikuwa kazini kweli, mjukuu wangu, na njia ile ilikuwa tupu, bila askari hata mmoja.

Bibi yako akupendaye