Gari Lisilo na Pistoni

Same, Alhamisi, Februari 1974

Hamna pistoni! Fundi Senkondo kaifungua injini ya gari langu, kaitandaza juu ya gunia, kisha ananiambia mbele ya watu, "Mwalimu, umeibiwa. Humu hamna pistoni hata moja."

Nikaamini. Nani asingeamini? Gari linakula oili kila siku, na likishapata joto pale Makanya, ukilizima haliwaki tena. Nikaenda moja kwa moja kwa Elia, kaka wa mke wangu, aliyeniuzia. Nikamwita mwizi mlangoni kwake. Nikamwita kupe, mnyonyaji, yote ninayofundisha darasani kwenye somo la siasa.

Elia akacheka. Akacheka! "Shemeji, injini hii haina pistoni tangu kiwandani. Ndani kuna pembetatu inayozunguka."

Tukarudi wote kwa fundi. Pembetatu ipo kweli. Kwenye ncha zake kuna vyuma vyembamba vya kubana upepo, na vimelika kabisa. Nikauliza vinapatikana wapi.

"Hivyo?" akasema Elia. "Havipatikani. Mimi mwenyewe nilivitafuta Dar mwaka mzima."

Mwaka mzima! Kumbe alijua, na bado akaniuzia huku akisifia mwendo tu.

Sasa mke wangu anataka nikamwombe radhi kaka yake. Na mama yangu mgonjwa anangoja kijijini Mamba, juu mlimani, keshokutwa nimlete hospitali kwa gari hili.

Sawa. Kwa pistoni nitaomba radhi. Kwa vile vyuma aniombe yeye, na Jumamosi apande mlima akamshushe mama mgongoni.