Mabega ya Winchi Kwenye Katoni ya Sabuni

Kwako Dada Mkubwa,

Kabla hujafika mstari wa pili, vuta kiti ukae. Barua hii haikuandikwa na yule mdogo wako unayemjua, fundi cherehani wa kwenye kibaraza cha duka la viatu. Imeandikwa na mtu ambaye majuzi kiwanda kizima cha sabuni kilisimamisha mitambo kwa ajili yake. Siku hizi nikikohoa tu mtaani, watu wanageuka kuuliza kama nimetoa amri.

Baada ya hayo, pokea salamu zangu pamoja na heshima zako zote. Hujambo wewe? Shemeji naye hajambo? Goti lake limepoa, au bado linatabiri mvua? Na duka je, wateja wanakuja au wanakuja kukopa tu? Sisi huku ni wazima. Mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani, lakini kifua ni kile kile unachokijua, kilichozuia lori lililokatika breki pale mteremkoni. Winchi naye ni mzima, anakula vizuri, anashinda kwenye mazoezi yake. Najua hupendi nimwite mwanao hivyo. Lakini ndilo jina walilompa wenzake wanaonyanyua vyuma naye, jina la mtambo wa kunyanyulia mizigo, na akiitwa anaitika huku anacheka, sasa mimi nifanyeje?

Barua yako niliipata. Uliniambia umesikia mtoto atapigwa picha ya tangazo la sabuni ya kufulia, ukaniomba mimi mjomba mtu, tena fundi, nihakikishe amevishwa mikono mirefu ili yale mabega yasionekane. Ukanikumbusha lile gazeti. Dada, sijalisahau. Mtoto ameshinda nchi nzima, amenyanyua chuma ambacho hakuna mwanamke wa hapa aliyewahi kukitoa sakafuni, wao wakampiga picha kwa nyuma akiwa ameinama, na chini yake wakaandika kuuliza kama huyu naye ataolewa. Majirani wakajaa dukani kukupa pole kama mtu aliyefiwa. Ukalichanachana lile gazeti ukawafungia wateja misumari. Kwa hiyo nilikwenda na nia moja tu, ya kutimiza ombi lako. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni.

Studio yenyewe ni chumba kirefu ghorofani, kuta nyeupe, taa kubwa kama masufuria, na upande mmoja pazia jeusi la kubadilishia nguo. Aliyetupokea ni bwana wa matangazo. Jina lake analo, ila sisi tulimwita Bwana Kidogo, maana kila alichotaka alikitaka kidogo. Cheka kidogo. Geuka kidogo. Shusha bega kidogo. Vuta tumbo kidogo. Nikaanza kujiuliza, mtoto akipunguzwa hivi kidogo kidogo, jioni nitarudi nyumbani na nani?

Wakamletea gauni la rangi ya waridi, jembamba kama mfuko wa mwavuli. Nililitupia jicho moja tu, jicho hili hili lililomshonea waziri koti kwa kupima kivuli chake akipita, nikajua hapa pana kazi. Kweli, likakwama mabegani na zipu ikagoma katikati ya mgongo. Wakaliacha wazi kwa nyuma, wakalibana kwa vibanio vya nguo ili kwa mbele lionekane limemkaa. Dada, kwa mbele malkia, kwa nyuma kamba ya kuanikia.

Halafu wakaleta chuma chenye magurudumu pande mbili. Nikajitolea kukisogeza, nikakinyanyua kwa kidole kimoja! Nilijisikia vizuri sana mpaka Winchi aliponiambia, Mjomba, hiyo ni plastiki. Plastiki tupu iliyopakwa rangi nyeusi. Bwana Kidogo akaeleza kwamba kikiwa cha kweli binti atakunja uso, shingo itatoka mishipa, na mnunuzi wa sabuni hapendi kuona jasho. Winchi akamuuliza kwa upole, huyo anayefua bila jasho anaishi wapi, ili naye ahamie huko.

Wakapiga hizo picha zao, kisha tukaitwa kwenye kompyuta kuonyeshwa jinsi watakavyozimalizia. Bwana akabonyeza, bega likashuka. Akabonyeza tena, mkono ukapungua kama mche wa sabuni uliosahauliwa ndani ya beseni. Sugu za viganjani zikayeyuka. Paja likaliwa upande mmoja, likaliwa upande wa pili. Winchi akamtazama yule msichana wa kwenye kompyuta, akamtazama sana, halafu akauliza, "Na huyu alishinda nini?"

Bwana Kidogo akabonyeza tena, shingo ikarefuka.

Basi Winchi akaingia nyuma ya pazia, akavua gauni, akatoka na nguo zake za mashindano, zile zisizo na mikono kabisa. Akawapigia simu wenzake, maana ukumbi wao wa mazoezi uko mtaa huo huo. Wakaja na chuma cha kweli juu ya mkokoteni, wakakipandisha ngazi huku wanahema na kutaniana. Bwana Kidogo akapandisha sauti, kwa mara ya kwanza si kidogo. Alisema mkataba atauvunja, atamtafuta mwingine, wasichana wembamba wanaosikia wanachoambiwa wamejaa tele.

Wakati huo mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, kwa sababu za kiufundi ambazo si lazima tuziingilie hapa. Lakini pazia haliwezi kuzuia sauti. Sauti ilinguruma chumba kizima. Ilisema mkono huu haupunguzwi hata unywele. Ilisema gazeti liliupiga kwa nyuma likaucheka, nyinyi mnaupiga kwa mbele mnauficha, na tusi ni lile lile. Ilisema mabega haya hayakuanzia kwenye mazoezi. Yametoka kwa bibi yake, aliyekamua blanketi lililolowa peke yake mpaka likaacha kudondosha, na kwa mama yake, anayeshusha katoni za sabuni garini bila kumngoja mwanamume. Sabuni yenu inamalizwa na mikono kama hii, mnaionea haya ya nini? Kama mnapiga, pigeni ilivyo, na kisifutwe kitu. Hata kimoja!

Hapo mpiga picha, mama mmoja mfupi ambaye tangu asubuhi hakuwa ametia neno, akalala kifudifudi sakafuni na kamera yake, akasema yeye yuko tayari.

Nilichungulia kwenye upenyo. Winchi alipaka viganja unga mweupe, akainama, akashika. Uso ukakunjamana. Mishipa ikasimama shingoni, mapaja yakatetemeka, chuma kikapanda mpaka kifuani, kikakaa pale kama kinafikiria, halafu kikaenda juu. Akapiga ukelele mmoja, kioo cha dirisha kikaitikia. Na alipokuwa amekisimamisha kule juu, mikono imenyooka, jasho linamtiririka kidevuni, akacheka. Dada, nimemlea yule mtoto miaka yote hii hapa mjini na sijawahi kumwona mzuri vile.

Bwana Kidogo akaapa kwamba picha hiyo haitatoka. Mpiga picha hakubishana naye. Alizichukua zote mbili, ile iliyochongwa na ile ya kweli, akazipeleka mwenyewe kwa mwenye kiwanda, sisi nyuma yake. Mwenye kiwanda alikuna kichwa, akaamua kuwaita akina mama wanaofunga sabuni kwenye katoni, ndipo mitambo ikasimama. Ile ya kwanza waliipitia kama watu wanaosoma risiti ya mtu mwingine. Ya pili wakaisogelea. Kisha mmoja wao, mtu mzima, akakunja mkono wa gwanda lake, akaulaza mkono wake pembeni ya mkono wa Winchi pale pichani, akawaambia wenzake wamtazame mdogo wake. Dada, zile kelele! Wengine wakaanza kukunja mikono wapimane, mmoja akamwambia mwenye kiwanda akunje na wake, akakataa.

Imekwisha hivyo. Picha iko ukutani kituo cha mabasi, kubwa kuliko nyumba yetu. Wasichana wa shule wakifika pale wanasimama na kukunja misuli. Na lile gazeti limekuja kuomba picha, Winchi akawaambia mtapata, ila safari hii mje mbele.

Kwa hiyo, dada, ombi lako sikulitimiza. Katoni mpya zitafika dukani kwako mwisho wa mwezi, kila moja na mwanao ubavuni, mabega nje. Nakuomba usizigeuzie ukutani. Zipange zielekee barabarani, na majirani wakija kutoa pole, wauzie sabuni.

Sasa kuna jambo limenikaa kooni, nalo ni afadhali ulisikie kwangu. Chuma cha kweli kilipoletwa, nilikuwa nimetoka kunywa maji. Niliporudi nikakikuta njiani, nikadhani ni kile cha plastiki, nikataka kukisogeza kwa kidole changu kimoja mbele ya wale wasichana wa mazoezi. Hakikutikisika. Nikaongeza mkono. Nikaongeza wa pili. Kilichoachia ni suruali yangu, mshono wa nyuma wote, suruali niliyoishona mwenyewe. Fundi mzima, futi shingoni, sina hata sindano! Ndivyo nilivyofika nyuma ya pazia. Na ile sauti haikuwa yangu. Ni ya mwanao, kila neno, hata yale ya bibi yake na yako. Alikutaja mbele ya watu wote kwa kujivuna, na ilikuwa aibu kubwa mimi kujipa maneno yale. Nilichosema mimi ni kuomba vibanio, navyo havikushika, ikabidi nijifunge lile gauni.

Ningenyamaza, lakini mtoto alisema kisifutwe kitu, na Bwana Kidogo kwa hasira zake akatii. Tazama pembeni ya katoni, upande wa kushoto, chini ya pazia. Utaona viatu vyangu, na juu ya viatu upindo wa rangi ya waridi. Wateja wakiuliza, waambie ni pazia la ndani.

Msalimie sana shemeji, mwambie goti alikande kwa maji ya moto. Wasalimie na watoto, na wale majirani wa pole pia. Winchi anakubusu mikono yote miwili, na amesisitiza nisiandike mmoja.

Halafu dada, kuhusu lile gauni, nimekuandikia kwamba nilijifunga. Sikujifunga. Nililivaa. Na zipu ilipanda mpaka juu.

Ni mimi mdogo wako,
Mjomba wa Winchi