Ng'ombe wa Udongo wa Kokusima

Kiruruma, Jumatano

Dada Mwanaisha, shikamoo. Huku mvua haijakatika tangu asubuhi, na baridi yake Mombasa nzima mngeikimbia.

Watoto ninaowafundisha hapa kambini ni wa wafugaji waliohamishwa baada ya mbung'o kumaliza ng'ombe wao. Leo niliwaambia wafinyange chochote wanachokipenda. Kokusima, msichana asiyesema na mtu, akafinyanga kundi zima la ng'ombe wenye pembe ndefu. Nikafurahi, nikawapanga dirishani.

Baba yake alipokuja kumchukua, aliwashika mmoja mmoja akiwaita kwa majina ya ng'ombe wao waliokufa.

"Huyu pembe ya kushoto ililala zaidi," alisema.

Kokusima akailaza kwa kidole, akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Lakini baba akamrudisha ng'ombe dirishani, akanigeukia.

"Mwalimu, huyu mtoto nimeshamzoesha jembe. Wewe unamrudisha zizini, na zizi halina kitu. Kesho haji."

"Hata mara moja kwa wiki, baba?"

"Wewe utarudi kwenu. Sisi tutakamua udongo?"

Wameondoka mvua ikiwanyeshea. Ng'ombe wamebaki kwangu, na ninaogopa kwamba tangu nifike nimekuwa nikiwatonesha watoto hawa kidonda, nikidhani nawafundisha.

Msalimie shemeji. Na mwanao akichora ukutani kwa mkaa, dada yangu, tafadhali usifute.

Mdogo wako akupendaye,
Salim