Alama Nyekundu Shambani kwa Mama

Jumanne, Mtwara mjini. Mawingu tangu asubuhi, mvua haishuki, na upepo wa kusi umeanza kugonga madirisha. Sina hamu ya chai wala ya mtu.

Shajara, naandika mchana huu kwa sababu kazi haiendi.

Kibarua changu unakijua: kutengeneza programu inayochora alama za kijeshi kwenye ramani. Majeshi mengi hutumia alama zilezile. Mstatili wa buluu ni wenzetu, mraba wa kijani ni asiyehusika, almasi nyekundu, yaani mraba uliosimama kwa pembe, ni adui. Mteja yuko nje ya nchi, hata sura yake siijui. Mimi natengeneza, namtumia, basi.

Kwenye kujaribu alama, kila mtu hutumia mahali anapopajua. Mimi nikatumia kwetu Mahurunga. Juu ya nyumba ya mama nikaweka almasi nyekundu, nikacheka peke yangu, maana mama yangu kwa ukali hana mpinzani. Kisha nikasahau kuifuta, nikamtumia mteja kila kitu.

Utani gani ule, jamani!

Leo mteja amenifungulia ramani yake nikague rangi. Almasi ipo, ila haiko tena juu ya nyumba. Iko bondeni kando ya Ruvuma, palepale penye dungu alilohamia mama wiki iliyopita kulinda mpunga usiliwe na viboko.

Sikuisogeza mimi. Kwenye programu hii alama haihami mpaka mtu atume taarifa kwamba amemwona huyo adui mahali papya.

Nikaifuta. Ikarudi. Nikaifuta tena, ikarudi ikiwa imesogea kidogo kuelekea mtoni.

Nikampigia mama. Akapokea anacheka, ndiyo kwanza anatoka kuchota maji mtoni.

"Mbona unahema hivyo, mwanangu? Mie mzima. Kinachonikera ni hiki kidude kinachovuma juu tangu jana. Wenzangu wanasema cha kupulizia korosho."

Bondeni kule hakuna hata mkorosho mmoja.

Nilimsihi aje mjini leo leo. Akanifokea: mpunga ataulinda nani? Nikashindwa kumwambia kwamba mwanawe wa kumzaa ndiye aliyempaka rangi ya adui. Mteja nimemwandikia, nimemwandikia tena. Kimya.

Naogopa. Naogopa kweli.

Nimepata nafasi kwenye gari la Mahurunga linaloondoka alasiri hii. Nitapanda dunguni nikae na mama, akitaka kunitukana anitukane, mpaka akubali tuondoke wote. Kompyuta nimeizima, sitaki kuiona.

Ila swali moja haliniachi. Nikishaketi pembeni yake, ile ramani itaonyesha almasi moja, au mbili?