Mukhwana, Edimu Amekuletea Matumbawe Kaburini

“Edimu, ondoa hayo mawe juu ya mtu! Unamtafutia ubaya mpaka huko chini?”

“Asio, kaa kando. Mimi naleta kwa heshima. Hii ni urembo ya Mombasa.”

“Heshima gani? Si ndiyo hayohayo mliyogombania?”

Umewasikia, Mukhwana, Baba Kate wangu? Mwaka umetimia tangu tukulaze hapa nyuma ya nyumba, na bado wewe ndiye unayewagombanisha majirani. Jumamosi mafundi walikuwa hawajamaliza kusawazisha saruji ya kaburi lako, Edimu akatokea na gunia begani, akaanza kupanga matumbawe meupe kuzunguka kichwa chako kama keki ya harusi. Asio wa mlango wa pili akapiga kelele ambazo nadhani walizisikia mpaka ng'ambo, upande wa Kenya.

Wewe unajua ilivyoanza, ila wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu hawajui, nami sipendi mtu abaki nje ya habari.

Ulikuwa dereva wa lori miaka ishirini na mitatu, Mombasa kuja Busia, na bahari hukuwa na habari nayo. Siku moja mzigo ukakwama bandarini, ukaenda kutembea ufukweni maji yamekupwa, ukakanyaga tumbawe likakupasua unyayo. Ulitegemea upewe pole. Mama mmoja mvuvi wa pweza akautazama mguu wako, akatazama ulipokanyaga, akasema: “Wewe utapona wiki ijayo. Hiyo nyumba uliyovunja naiona ikikua tangu sijaolewa.”

Ukakaa naye mpaka maji yakajaa (hilo tulilizungumza baadaye, mimi na wewe) akikufundisha. Kwamba tumbawe si jiwe, ni kazi ya vidudu vilivyo hai, na mengine kwa mwaka hayaongezeki hata upana wa kidole. Kwamba samaki huzalia humo na kuficha watoto humo, na wimbi kali huvunjikia hapo kabla halijafika kwa watu. Kwamba kijijini kwao hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi, hakuna kuvua, hakuna nanga, na wakifungua wanakuta pweza wamenenepa.

Ulirudi Busia mguu umefungwa na mdomo haufungiki.

Kanisani ulisimama ukaomba tuyaombee matumbawe, maana bahari ikizidi joto yanageuka meupe na kufa. Katekista, mtu mpole, akayaweka kwenye orodha ya wagonjwa, kati ya goti la Apendi na presha ya Luke. Ukaanza kuokota kavera, mifuko hii ya plastiki, mtaroni. Asio akakwambia, “Baba Kate, maji ya hapa yanakwenda ziwani, ya ziwa yanakwenda Misri. Mombasa inaingilia wapi?” Ukamjibu, “Kwani Misri hawana bahari?”

Kule Majanji, ziwani, uliwasihi wavuvi wasikokote nyavu za matundu madogo kwenye mawe wanakozalia ngege, hao sato wetu. Wakakuita Profesa Pweza, wakacheka sana. Lakini wawili walibadilisha nyavu.

Ninachokosa zaidi ni simu zako. Ukivuka mpaka ulipiga kusema umevuka. Ukiegesha hapo nje ulipiga kusema umeegesha, nami nakuona kutoka dirishani.

Wewe na Edimu mlikuwa marafiki tangu hamna ndevu. Aliuza urembo sokoni, akanunua gunia zima la matumbawe huko pwani, akakuomba ulibebe. Ukamwambia mbele ya watu, “Sibebi maiti bila karatasi ya polisi.” Akayaleta kwa lori lingine. Basi ukaenda kusimama kando ya meza yake, ukavua kiatu, ukawa unawaonyesha wateja kovu na kuwatajia umri wa kila kipande. Hakuuza hata kimoja. Mkaacha kusalimiana, na siku ya kukuzika alisimama nje ya ua, akalia hukohuko.

Hapa kwetu, aliyeachana na marehemu kwa ugomvi hali chakula cha kumbukumbu mpaka aseme naye kaburini. Jumamosi hiyo sufuria zilikuwa motoni. Mwaka mzima nimetamani Edimu ale kwangu, maana ndugu unao wengi, lakini rafiki wa namna ile ulikuwa naye mmoja.

Akasimama upande wa miguu yako. “Mukhwana, uliniharibia soko. Hiyo nasema kwanza.” Watu wakaguna. “Halafu Disemba iliyopita nakwenda Mombasa, naingia maji na ile miwani ya kuogelea, nione tu hii kitu ulikuwa unapigia kelele. Samaki moja ya njano, kama kidole, inatoka ndani ya tumbawe inanifukuza. Mimi! Na hii tumbo! Naogelea, inanifuata, inaniuma masikio. Nikasema, basi huyu yuko kwake.”

Kate alicheka mpaka akakalia saruji mbichi. Alama ipo, utatusamehe.

“Sasa hii gunia siwezi kuuza, siwezi kutupa. Nyumbani yananiangalia.”

“Ndiyo ukaona uyapange hapa?” Asio akasema. “Yamekufa, sawa. Na Mukhwana amekufa, lakini hatukumpanga kabatini.”

Edimu akaanza kuyarudisha guniani. “Basi tuzike.”

Mwanao Brian akachukua jembe, tukachimba karibu na miguu yako. Katekista akasema hana sala ya vitu kama hivyo. Dada yako Prossy akamwambia, “Uliyaombea yakiwa wagonjwa, leo yamekufa unayakimbia?” Akasali. Fupi, lakini akasali.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Damalie, watoto wako Kate na Brian, dada yako Prossy, na majirani wa kushoto na kulia. Hakuna mwaka utakaokufuta kwetu, Mukhwana.

Edimu alipomaliza kufukia akakung'uta mikono, akashika njia ya kwao, kama mtu aliyezoea kupita nje. Nikamkimbilia mpaka kwenye ua.

“Unakwenda wapi wewe? Maji ya kunawa haya hapa. Ingia ndani, shemeji, ukae, ule.”